Fisi wa Zuzu na Mbwa wa Memsahibu

Juzi nilikuwa stesheni ya Dodoma treni ya Dar es Salaam ilipoingia. Memsahibu mmoja akashuka, anatoka likizo kwao Ulaya, na mpishi wake alikuwa akimngoja. Pembeni alisimama mama wa Kigogo ameshika kamba, na kambani mbwa aliyekonda, sikio limechanika.

"Mbwa wangu nilikuachia wewe!" memsahibu akamfokea mpishi. "Kazi huna!"

"Mimi Mwislamu, memsahibu, mate ya mbwa kwangu ni najisi. Nikampa jirani yangu huyu wa kijijini Zuzu, ana mbuzi wa kulindwa."

"Na sikio je?"

Yule mama akajibu mwenyewe, kidevu juu: "Fisi. Aliingia zizini, mbwa wako akamtoa mbio. Ulituachia mbwa wa kulala kwenye zulia, mama. Tunakurudishia dume."

Stesheni nzima ikalipuka kwa vigelegele. Memsahibu akainama, akalipapasa lile sikio, akampa mama mkono mbele ya wazungu wenzake, kisha mizigo akamkabidhi mpishi wake.

Jana mhudumu wa klabu yao kaniambia memsahibu anatamba na fisi yule kila meza. Anavyosimulia, utadhani zizini alikuwemo yeye.