Maua Kutoka Getini Hadi Mezani

Nimesomesha jiografia Maskati miaka mingi, na Meksiko katika kitabu chetu ilikuwa ukurasa mmoja tu: mafuta, madini ya fedha na mahindi. Jimbo la kusini la Oaxaca, ambalo wenyewe hulitamka Wahaka, halikuwemo kabisa. Nililijua kwa sababu ya jirani yetu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mwanamke mzaliwa wa huko, na siku nyingine natamani ningebaki na ule ukurasa mmoja.

Alihamia mtaani kwetu katikati ya miaka ya tisini na mumewe, mhandisi wa maji. Mimi nilikuwa nikiishi na mama yangu, mzaliwa wa Unguja, mjane, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Jirani naye Kiswahili hana na Kiarabu hana. Walipokaa pamoja barazani, mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao, na kazi hiyo haina mshahara wala shukrani.

Siku moja niliwachukua wote wawili kwa gari mpaka Yiti, kijiji cha pwani, kununua samaki. Barabara inapita katikati ya milima mitupu, haina hata jani, na jirani alibandika uso kwenye kioo njia nzima. Akasema kwao ni hivi hivi, ila milima yao Mungu hakuinyima mvua. Imerundikana mpaka kijiji kimoja hakielewi lugha ya kijiji cha pili, ndiyo maana jimbo lao lina lugha chungu nzima. Yeye ni Mzapoteki, na watu wake hujiita watu wa mawinguni. Wazee wao walisawazisha kilele cha mlima wakajenga mji juu yake, zamani sana, kabla Mhispania hajajua kama kuna bahari ya kuvuka. Maiti wao waliwazika chini ya sakafu za nyumba, wasiwe mbali. Mhispania alipokuja alichukua dhahabu, akachukua na ile rangi nyekundu waliyoitoa kwa vidudu vya kwenye mipungate, ile mimea ya miiba.

"Lakini wafu wetu hakuweza kuwachukua," alisema.

Nikatafsiri. Mama akasema, "Muulize, yeye kamzika nani?"

Ndivyo alivyokuwa mama, hakuuliza kwa kuzunguka. Jirani akasema alimzika mwanawe wa kiume, hajafika umri wa kwenda skuli, kwa homa. Mama akamshika mkono na hakunipa neno la kutafsiri. Yeye pia alimzika mwanawe kwa homa, Unguja, kaka yangu ambaye mimi sikumwona. Baada ya mapinduzi tulihama. Kaburi likabaki kule, na nyumba aliyofia ina watu wengine. Mama alikuwa hamtaji, na sisi tulizoea kutouliza.

Oktoba ilipokaribia kwisha, jirani alitueleza ada ya kwao. Kila mwaka, kuingia Novemba, wafu hurudi nyumbani. Watoto hutangulia, wakubwa hufuata. Huandaliwa meza, hufukiziwa, na njia humwagiwa maua wasipotee. Hawali kama tunavyokula sisi. Huchukua harufu na ladha, na kesho yake ukikionja kile chakula unakikuta hakina utamu. Hapo unajua kwamba amefika. Mwaka ule ulikuwa wa kwanza yeye kuwa mbali na nyumba aliyofia mtoto, na alitaka kujua kitu kimoja tu: je, Maskati mtoto ataiona?

Maua ya rangi ya machungwa aliyapata kwa Wahindi wanaotunga mashada ya hekaluni. Ubani wa kwao hakuupata, akanunua lubani, ubani wetu wa Dhofari. Akapika mkate mtamu na unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Mama alipoyaona majani yale alicheka. "Kumbe hawa wenzetu!"

Siku yenyewe jirani alikwenda uwanja wa ndege kumpokea mumewe, akamwachia mama ufunguo aitazame mishumaa isije ikaunguza nyumba. Mimi nilikuwa skuli.

Sasa, kwetu chakula cha maiti hakilazwi. Hitima ikishasomwa, watu hula papo hapo, na kila tonge linaloingia tumboni mwa maskini ni thawabu inayomfikia marehemu. Kukiacha kipoe mezani ni israfu, tena ni kumnyima mwenyewe. Mama alimsikia jirani kwa masikio mawili, lakini moyoni alielewa alichokizoea tangu utoto. Akaona mwenziwe, mgeni wa watu, kampikia mwanawe na hana watu wa kukila chakula. Akamsomea mtoto Fatiha. Akawaita mafundi wa Kihindi waliokuwa wakijenga ng'ambo ya barabara, akawalisha mpaka jani la mwisho. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa usafi, akaosha sahani na kuyafagia maua yote, kutoka mezani hadi getini.

Nilifika karibu sawa na jirani. Mama alitupokea mlangoni, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa miaka.

"Mwambie wameshiba wote, na wamemuombea dua."

Nikatafsiri. Jirani akaziangalia sahani zilizooshwa na kupinduliwa zikauke, kisha akageuka kuitazama njia iliyofagiwa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Alikuwa hajafika," alisema.

Hilo pia ilinibidi nilitafsiri. Mama alikaa chini pale pale mlangoni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Muulize. Huja hata ukiwa umehama?"

"Hilo ndilo nililotaka kulijua," alijibu jirani.

Mwaka uliofuata mumewe alimaliza kazi, wakarudi kwao. Aliagana na mama kwa kumkumbatia, na naamini alimsamehe. Mama ndiye aliyebaki na swali.

Miaka ya elfu mbili tulihamia fleti Al Khuwair, ghorofa ya tatu, barabara kuu inanguruma chini usiku na mchana. Oktoba ilipokaribia kwisha, mama alipika vitumbua, akaweka kimoja kwenye sahani karibu na mlango, akafukiza lubani. Nilijua kimewekewa nani, na nilijua mashekhe wangesema nini, nikanyamaza. Alfajiri, baada ya kusali, alikimega akaonja.

"Kitamu," alisema, akaniachia nimalizie.

Ikawa hivyo kila mwaka. Nilivichukia vitumbua vile. Nilitamani siku moja viungue, viingie chumvi, vichachuke, chochote.

Mwaka wa mwisho alikuwa hatoki tena kitandani. Nilipika mimi, nikaweka mimi, na alfajiri aliniambia nionje. Nilikimega nikakitafuna nimempa mgongo, kisha nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Hakina ladha, mama. Hakina ladha kabisa."

Alinitazama kwa huruma, mimi ndiye niliyeonewa huruma.

"Muongo we," alisema. "Nnasikia harufu ya hiliki mpaka hapa n'lipo."