Bolti ya Mwisho ya Datsun

Mzee Munyao alikuwa fundi wa magari mjini Voi tangu ujana wake, na binti yake Mbithe aliijua kazi hiyo kwa kumshikia spana. Gari alilolipenda mzee kuliko yote lilikuwa Datsun ya zamani ya mashindano, ya milango miwili na pua ndefu, aliyoinunua ikiwa mkweche. Akili yake ilipoanza kumpotea, majina ya watu yalimtoka moja moja, lakini gari hakulisahau. Kila asubuhi alimuuliza mkewe, Syombua, kama injini imeshafunguliwa.

Mbithe akajiambia kwamba baba akilisikia likinguruma, huenda akarudi kidogo. Akaifungua injini. Bolti za kifuniko cha silinda zilitoka zote isipokuwa moja ya nyuma, iliyoshikwa na kutu kama imemwagiwa saruji. Aliitia mafuta ikalala nayo, haikutikisika. Akaongeza bomba kwenye mpini wa spana, akavuta mpaka spana ikateleza na ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Fanuel, mwenye gereji jirani, alimshauri aikate tu. Mbithe hakutaka. Alihofia kipande kingebaki ndani na kuiharibu injini.

Akafanya alivyofundishwa na baba yake. Aliipasha moto kwa gesi, akaigusisha mshumaa ili nta inyonywe na meno ya bolti, kisha badala ya kuifungua akaikaza kidogo. Akairudisha. Akaikaza tena. Bolti ikalia kwa sauti nyembamba, ikaachia.

Ilipopoa alikwenda nayo nyumbani bila hata kunawa. Baba alikuwa barazani, Syombua akimnywesha uji. Akamwekea kiganjani.

"Baba, imetoka."

Mzee aliigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye meno ya bolti polepole, kifundi kabisa. Mbithe alianza kutabasamu.

"Ni ya gari gani?" mzee aliuliza.

"Ya Datsun yako, Baba."

"Mimi sina gari." Alisema kwa upole, kisha akaiona damu vidoleni mwa Mbithe. "Pole, fundi. Umefanya kazi nzuri. Baba yako akiiona atafurahi."

Syombua aliinamia bakuli la uji. Mbithe alitaka kumwambia mimi ndiye mwanao, ila alijua maneno hayo yangemtia mzee hofu tu.

"Atafurahi," akajibu.

Alirudi gereji, akalia ameegemea mlango wa lile gari. Halafu akaifunika injini kwa turubai, maana vumbi la Voi halina simile.

Mzee hakuuliza tena habari za injini. Mbithe aliendelea nayo jioni, baada ya kazi za wateja. Siku moja mama yake alimuuliza anamtengenezea nani sasa. Mbithe akaendelea kukwangua kutu.