Ukuta wa Mama Usiosomeka

Nilianza kujifunza grafiti nikiwa tayari na mvi kidevuni, umri ambao wenzangu walikuwa wanajifunza kukaa kimya mbele ya wakwe zao. Sitafuti huruma. Hakuna aliyenilazimisha.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Kenya, si nchi bali komini ya mjini kwetu, mdogo wangu kwa miaka mingi, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima niliyoipata kwa kuzaliwa mapema tu. Alikuwa na ruhusa ya kuchora kwenye ukuta wa bohari moja lililofungwa, na hapo tulikutana Jumamosi mchana, nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza simu. Somo la kwanza lilikuwa mstari. Mstari mmoja tu ulionyooka, kwa kopo la rangi ya kupuliza, lile tunaloliita bombe. Unasogeza bega, si kiwiko. Ukikawia rangi inatiririka, ukiharakisha inageuka vumbi. Mistari yangu yote ilitiririka. Mwalimu aliitazama, akasema labda ni kosa la bombe, nami nikamwamini kwa furaha.

Baada ya mstari ikaja tagi, yaani jina lako la ukutani, linaloandikwa kwa pumzi moja. Hilo nililiweza haraka ajabu, bila shaka kwa sababu lilinihusu mimi. Nililifanyia mazoezi kwenye maboksi ya simu, kwenye vumbi la kioo cha gari la jirani, hata juu ya bukari, ugali wetu, kwa ncha ya kidole kabla ya kumega. Kisha zikaja herufi nono, zile zilizovimba kama maandazi kwenye mafuta. Kisha herufi za wima, zenye pembe, ambazo kila mpita njia anazisoma. Mwalimu alitaka nikae hapo kwa muda mrefu. Mimi nilitaka kurukia mtindo wa fujo, ambamo herufi zinapandana, zinatoboana, zinaota mishale na mikia, na asiyehusika haambulii kitu. Huo ndio ulionivuta tangu mwanzo. Mtu akisimama mbele yake, nilidhani, atajua kwamba aliyeuchora si fundi simu wa kawaida.

"Yaya, A yako haiyasimama bado," mwalimu aliniambia. "Unataka tayari icheze?"

Nilimjibu kwamba kila msanii ana njia yake. Nikiikumbuka sentensi hiyo masikio yananiwaka.

Wakati huohuo, nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Baba, aliyetumikia reli maisha yake yote, alikuwa amefariki. Matanga yalipokwisha, baba mdogo, yaani mdogo wake anayekaa Kipushi, akaanza kuja mtaani kwetu. Hakuwa akiingia ndani. Alisimama ng'ambo ya barabara na watu tusiowajua, akinyoosha kidole kwenye paa, kwenye mparachichi, kwenye kona za kiwanja. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni na akaelewa mara moja: nyumba inatafutiwa mnunuzi. Nyumba hiyo aliingia akiwa bibi harusi, na matofali ya vyumba vya nyuma aliyabeba mwenyewe, mimi nikiwa mgongoni. Usingizi ukamwisha. Nilimsikia alfajiri akifagia ua uliokwisha kufagiwa, na niliogopa, ingawa mchana niliendelea kufanya mzaha.

Mjini kwetu dawa ya jambo hilo inajulikana. Pita mtaa wowote utaona kuta zilizoandikwa kwa rangi nyeusi, mara nyingi kwa Kifaransa, kwamba mahali hapa si pa kuuza. Ndugu akileta mnunuzi kwa siri, ukuta unajibu kabla ya mtu. Kwa kawaida anaitwa fundi wa mabango. Lakini mama alikuwa na mtoto anayerudi kila Jumamosi na rangi masikioni.

"Si unajifunzaka kuandika ku mur?" aliniambia, akiuonyesha ukuta wetu wa barabarani. "Basi utuandikie: hii nyumba haiuzishiwe. Andika mu Kiswahili, juu ule bwana asiseme hakusikia."

Maneno matatu. Fundi wa mabango angeyamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilianza kwa kununua rangi ya zambarau.

Nilichora kwa siku kadhaa, kibanda changu kimefungwa, wateja wakinipigia kwa simu za kuazima kuuliza simu zao. H iliikaba N shingoni. Z iliota mkia uliopita chini ya neno zima na kutokeza upande wa pili kama kichwa cha nyoka. Mishale ilikwenda kila mahali, mingine sijui niliituma wapi. Mwisho, kwenye kona, niliweka tagi yangu, kubwa, nyeupe juu ya weusi, safi kabisa. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Jirani mmoja aliuliza kama tunafungua baa. Mama alitoka, akafuta mikono kwenye kitenge, akatazama kwa muda mrefu.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa njo imeandikwa wapi?"

"Yote hii, mama. Njo maneno yenyewe."

"Yote hii," alirudia, akarudi jikoni. Nilidhani amezidiwa na uzuri.

Wiki iliyofuata baba mdogo alirudi na mgeni nadhifu mwenye kofia, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa anatafutia familia yake mahali pa kukaa. Nilijibanza nyuma ya geti na kuchungulia kwenye upenyo, nikisubiri ukuta wangu useme.

"Mwaona vile iko bien décorée," baba mdogo alimwambia mgeni, akiyasifu mapambo. "Banaitengeneza juu ya kuiuzisha."

Ukuta niliouchora kulinda nyumba ya mama ulikuwa unafanya kazi ya dalali.

Mgeni alisogea karibu, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. "Rangi ni muzuri," alisema. "Lakini hapa kuko jina." Akaisoma tagi yangu bila kukosea hata herufi. "Huyu ni nani? Njo mwenye nyumba? Mimi siingie mu nyumba yenye jina ya muntu sijaona."

"Aa, ule ni kijana tu wa mu quartier, wa mtaa huu," baba mdogo alijibu. "Anachafulaka ma mur ya bantu."

Hapo nikafungua geti. Ningependa kusema nililifungua kwa ajili ya mama, lakini neno hilo la kuchafua ndilo lililonisukuma kwanza.

Nilimsalimia baba mdogo kwa adabu zote, kisha nikamwambia mgeni kwamba jina ni langu, nyumba ni ya mama yangu, na ukuta umekwisha kusema kwamba haiuzwi. Mgeni aliomba nimwonyeshe umesema wapi. Nikaanza kwa kidole: H hii hapa, I, halafu I ya pili, ule mshale ni mguu wake. Neno la pili tulilivuka kwa shida. Kwenye neno la tatu nikapotea. Nilikuta Z inayokwenda nisikokujua na W ambayo sikukumbuka kuichora. Nikarudi mwanzo. Mgeni alinifuata ukutani kwa upole, mikono nyuma, bila kucheka. Aliyeanza kutabasamu ni baba mdogo, na tabasamu lile lilinitia hofu kweli, maana niliona nyumba inatuponyoka mikononi mwangu, katikati ya neno nililoliandika mwenyewe.

Mama akatoka na mwiko wa bukari mkononi. Ukuta hakuutazama.

"Papa," alimwambia mgeni, akimwita baba kwa heshima, "hii nyumba haiuzishiwe. Balinioa humu, bwana yangu alikufia humu, na miye niko humu."

Mgeni akavua kofia. "Unisamehe, mama. Habakuniambia." Akaaga na kwenda zake, bila kumngoja aliyemleta.

Baba mdogo alibaki akiusoma ukuta, au akijifanya. Mama akamwambia aingie ale, kwa kuwa bukari imeiva na yeye ni ndugu wa mumewe. Alikula haraka, macho kwenye sahani, akapanda gari la kurudi Kipushi. Mama aliosha sahani yake, akanigeukia.

"Kesho, chokaa," alisema. "Lakini ile jina yako uiache. Njo kitu moja ulijua kuandika."

Nikapaka chokaa juu ya zambarau yangu yote. Nikavuta kamba ili mstari usipinde, nikaandika kwa rangi nyeusi, herufi za wima, bila mkia wala mshale. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kila mkono ulipotetemeka palionekana. A zikasimama, zote.

Mama alivuka barabara, akasimama palepale baba mdogo alipozoea kusimama, akasoma polepole kwa sauti, kidole hewani: "Hii. Nyumba. Haiuzishiwe." Akasoma tena, sasa kwa haraka. Alikuwa mtu wa kwanza kusoma hadi mwisho kitu nilichoandika ukutani.

Kesho yake asubuhi sikusikia ufagio. Nilikwenda kuchungulia kwa wasiwasi, nikamkuta bado amelala, jua limeshafika kwenye mto wake.