Mahema Yaliyolala Kambini

Waliotaka niombe msamaha kwa sababu ya harufu ya dagaa bado wanasubiri. Naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, lakini hili nataka niliandike mwenyewe kabla mtu mwingine hajalisimulia anavyotaka.

Nashona mahema mepesi hapa Igoma, Mwanza, na yanauzwa ng'ambo. Hema langu likikunjwa linakuwa kama mkate mdogo. Unaweza kulibeba kwapani ukasahau kwamba umebeba kitu. Halina vyuma. Linasimamishwa kwa makasia mawili, au kwa fimbo mbili, na kamba za kuvutia pembeni.

Sikuanza kwa kuwafikiria wazungu. Nilianza kwa ajili ya mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati hakuna mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, na wavuvi wanarudi nyumbani kupumzika. Ndiyo maana mjomba hasemi "mwezi uliopita", anasema "giza lililopita". Giza likianza, yeye na wenzake wanahamia kisiwani, wanaweka kambi mchangani na kulala chini ya turubai. Turubai lile likilowa lilibebwa na wanaume wawili, tena kwa kutukanana.

Wakati huo nilikuwa najifunza ushonaji kwenye kibaraza cha fundi mmoja wa sare za shule. Fundi huyo alishona pia jaketi za parashuti, kile kitambaa chembamba kinachopiga kelele mtu akitembea. Mabaki alikuwa anayatupa. Mimi niliyakusanya, nikayaunga kwa mshono wa jinzi, ule wa kukunja mara mbili, na uzi niliupitisha kwanza kwenye nta ya nyuki ili uzibe tundu la sindano. Fundi alikuwa ananitazama.

"Bubu," aliniita hivyo kwa sababu siongei sana, "unashona nini hicho?"

"Hema."

"La nani? La panya?"

Nilipompelekea mjomba, naye alilishika kwa vidole viwili, akaliinua juu wenzake walione.

"Shikamoo, mjomba," nilisema, maana sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Hili ni hema au ni shela la bibi harusi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini mjomba hakulirudisha. Kambini kwao kuna desturi: kitu kipya hakiaminiwi, hata kiwe kizuri namna gani. Wavu mpya, kasia jipya, hata sufuria, kwanza kimalize giza moja pamoja na watu. Kikimaliza salama wanasema "kimelala", na kuanzia hapo ni mali. Kikishindwa kinakuwa kuni au kinakuwa tambara. Hema langu lililala. Upepo wa ziwa uliokuja giza lile ulibeba turubai la kambi ya jirani ukalitupa majini, na la kwangu lilibaki limesimama kwenye makasia yake. Mjomba aliporudi hakunisifu. Alisema tu, "Wengine wanataka." Nilitembea kutoka mwaloni, pale boti za wavuvi zinapofikia, mpaka nyumbani nikiwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Mgeni alikuja baadaye. Alikuwa mama wa makamo kutoka nchi yenye theluji, anayezunguka kwa miguu na mfuko mgongoni, na alifika kisiwani kwa boti ya wanunuzi wa dagaa. Kiswahili alijua cha kuulizia njia, maji na bei. Aliona mahema, akauliza nani ameshona. Alikaa siku kadhaa akilala ndani ya moja, na badala ya makasia aliweka fimbo zake mbili za kutembelea. Kwao ana duka dogo la vifaa vya watu wanaopanda milima na kulala porini kwa kupenda. Alinitafuta Igoma, akaniambia angependa kuyauza huko.

Mjomba alinihoji vizuri juu ya jambo hilo.

"Hao watu wana nyumba?"

"Wanazo."

"Zina mabati?"

"Nzuri kuliko zetu."

"Sasa wanalala nje kwa nini?"

"Wanapenda, mjomba."

Alifikiri. "Basi na mimi ni tajiri," akasema, akaendelea kula ugali wake.

Tulianza kuandikiana kwa simu. Niliandika Kiswahili, simu ikageuza Kiingereza, halafu nikaogopa kwamba simu imesema kitu nisichokisema, nikafuta, nikaanza tena. Ujumbe mmoja uliweza kunichukua asubuhi nzima. Fundi alipita nyuma yangu na kuuliza kama naandika barua ya posa. Lakini tulielewana. Kitambaa kizuri nilikipata, cherehani niliihamishia kwenye chumba kidogo cha uani kwetu, na pembeni mwa kila hema nilitarizi kwa uzi mwekundu makasia mawili yaliyopishana, na chini yake neno moja: Mwanza. Mgeni alipoona picha aliandika kwamba hilo ndilo litakalouza.

Mahema ya safari ya kwanza yalipokamilika, nilifanya nilichoona ni haki. Niliyapeleka yote kambini.

Sikuona jambo la kufikiria hapo. Watu wananunua kitu kutoka mbali, hawanijui, hawamjui mjomba. Nitawauziaje hema ambalo halijalala? Wavuvi waliyatumia giza zima, mvua ikanyesha juu yake, dagaa wakaanikwa kando yake, moshi wa kuni ukapita ndani yake. Mawili yalivuja kwenye pembe, nikayatoa. Yaliyobaki niliyafua kwa sabuni ya unga, nikayaanika juu ya mawe, nikayanusa moja moja. Hayakunuka kitu. Niliyakunja na kuyapeleka posta nikiwa najivuna.

Jibu lilikuja na picha. Mteja mmoja alikuwa amefungua mshono akakuta gamba la dagaa, akalipiga picha kwenye ncha ya kidole kama ushahidi wa mahakamani. Wengine waliandika kwamba wameuziwa vitu vilivyokwisha kutumika. Na wote walisema yananuka samaki. Mgeni alieleza kwamba huko porini kwao kuna dubu, mnyama mkubwa anayevutwa na harufu ya chakula, na mtu hawezi kulala ndani ya kitu kinachonuka samaki. Wateja wanataka kurudisha. Aliandika kwa upole, lakini nilielewa: yakirudi yote, duka lake halitachukua tena hema langu hata moja, na kazi hii imekufa kabla haijatambaa.

Nilirudi kuyanusa yale mawili yaliyovuja. Kweli, hayanuki. Nilimwita mama anuse. Mama alisema yananuka sabuni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi wa pwani ya ziwa hatuna pua ya dagaa. Tumezaliwa ndani yake.

Nilimuuliza mjomba kama anamjua dubu.

"Simjui. Lakini kama anapenda dagaa, aje. Tutampa kazi ya kuanika."

Fundi hakucheka. Alinijia na ushauri, na siku iliyofuata akamleta mfanyabiashara wa mjini anayeuza mabegi, mtu mwenye viatu visivyogusa vumbi. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, mimi nikasimama.

"Kijana, kazi yako nzuri," alisema. "Mikono unayo. Ila hujui biashara. Andika samahani, sema walikosea vijana wako. Halafu ushone kwangu, mimi nitauza. Hii nembo toa. Tunaweka jina la kizungu."

"Kwa nini?"

"Nani atanunua hema la Mwanza? Mwanza ni dagaa na sato. Umewaonjesha dagaa, umeona majibu."

"Msikilize mkubwa, Bubu," fundi alisema. "Anakusaidia."

Kwa kawaida mimi mtu akinisemesha namna hiyo nakubali ili aondoke. Nilifungua mdomo nikubali. Kilichonizuia ni shati nililokuwa nimevaa. Lilikuwa la mtumba, kama mashati yangu yote tangu utotoni. Nimevaa jasho la watu nisiowajua. Nimevaa suruali yenye tiketi ya basi la nchi nyingine mfukoni na koti lenye nywele za mbwa wao. Tulifua, tukavaa, tukaenda nalo kanisani. Hakuna hata mmoja wao aliyeniandikia samahani.

"Nembo haitoki," nilisema.

"Unasemaje?"

"Haitoki. Na samahani siandiki. Naomba kiti changu."

Fundi alishika kichwa. Mfanyabiashara aliinuka, akajipangusa suruali ingawa kiti kilikuwa safi, akaniambia nitamtafuta mwenyewe. Walipoondoka nilikaa kwenye kiti changu, na sikuweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka jioni.

Mgeni aliomba kitu kimoja tu. Wateja wake wangekusanyika dukani, nami nionekane kwenye simu niwaeleze. Angefasiri mwenyewe. Ningechagua kifo. Mimi ni mtu ambaye darasani nikijua jibu nilikuwa namnong'oneza wa jirani anyooshe mkono yeye. Lakini mtu mwingine wa kusema hakuwepo, na mfanyabiashara yule alikuwa anasubiri ninyamaze.

Mwezi ulikuwa mkubwa, mjomba alikuwa nyumbani. Tulishuka naye mpaka ufukweni mchana, yeye amebeba makasia na lile hema la kwanza kabisa, la mabaki, lenye rangi saba. Alilisimamisha, akaingia ndani, akalala chali na kufumba macho. Niliposema, "Mjomba, wanaanza," alijibu, "Nami nimeanza." Nyuso za watu zikajaa kwenye simu. Picha ilichezacheza mpaka mgeni akasema nimpe mtu mwingine aishike. Mjomba alinyoosha mkono kutoka ndani ya hema, akaichukua, na kwa muda fulani wale watu waliona pua yake tu, mpaka nikamwambia aigeuzie kwangu.

Nilisema hivi, na mgeni akafasiri kipande kwa kipande.

"Hayo si mitumba. Mitumba naijua, nimeivaa. Hayo yamejaribiwa. Kwetu kitu ambacho hakijalala nje hakiuzwi kwa mtu anayekwenda kulala nje. Mawili yalivuja, nimebaki nayo, ninyi hamkuyaona. Hili alilolala mjomba wangu limekaa na wavuvi tangu nilipoanza, upepo wa huku umelipiga, na mshono wake njooni muuvute. Habari ya dubu sikuijua. Dubu hayupo huku. Anayeishi na dubu arudishe, nitamshonea jingine, hilo ni suala la uhai. Lakini anayesema nimemuuzia uchafu, nasema hapana. Nimemuuzia kazi iliyomalizika."

Mgeni alifasiri mpaka sentensi ya mwisho. Halafu mwanamume mmoja mwenye ndevu akauliza kitu, na mgeni akacheka.

"Anauliza, yule ndani amekufa?"

"Amelala," nilisema.

Mjomba alikuwa amelala kweli. Simu ilikuwa imemwangukia kifuani, imeelekea usoni mwake, inapanda na kushuka.

Karibu nusu walirudisha. Wengine walibaki nayo, hasa wanaotembea mahali ambapo hakuna dubu. Yule wa gamba la dagaa alirudisha na gamba lenyewe, limefungwa kwenye karatasi. Sikujua kama ni dharau au ni heshima, nikalitupa. Mgeni aliandika kwamba duka lake litaendelea, kidogo kidogo, kwa masharti mawili. La kwanza, nisipeleke kambini. La pili, nembo ibaki. Kwa la pili nilicheka. La kwanza nilimjibu asubuhi nzima, nikafuta, nikaandika tena, mpaka likatoka hivi: kila jora la kitambaa nitakalokata, hema moja litalala giza zima na mjomba. Likishindwa, mahema mengine yote ya jora hilo hayasafiri. Likipita, hayo mengine yatakuja kwako yakiwa safi, hayajagusa mchanga, na lenyewe litabaki kwetu. Kupunguza hapo siwezi.

Alijibu neno moja la Kiswahili. "Sawa."

Fundi sasa akipita uani kwetu ananiuliza habari za dubu. Namwambia hajambo. Jina la Bubu bado analitumia, lakini wiki iliyopita aliniomba nta ya nyuki, nami nikampa.

Yale yaliyorudi niliyapeleka ufukweni giza lilipokaribia. Mjomba alifungua la kwanza, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Mpwa, haya yana nini?"

Nilinusa. Yalikuwa yamefuliwa huko kwa sabuni yao yenye maua. Maua mengi, makali, kama saluni.

"Yananuka," alisema. "Mtu atalalaje humu? Samaki wenyewe watakimbia."

Aliyarusha ndani ya boti, juu ya nyavu, akaniambia yaache huko yalale giza moja, yatarudi kuwa mazima. Niliwasaidia kusukuma boti, halafu nikarudi Igoma. Mezani kulikuwa na hema jipya lililobakiza nembo. Nikatunga uzi mwekundu.