Siku Bibi Aliponusa Milango ya Maduka

Pale mjini Sumbawanga kuna jengo refu la zamani lenye baraza ya sementi na milango sita. Mwaka lilipojengwa umechongwa juu, karibu na paa. Siku hizi milango mingine imefungwa tena, imebandikwa matangazo mpaka rangi haionekani. Wajukuu zangu hupita pale bila kugeuka. Mimi hugeuka. Wenye maduka wa zamani nawajua kwa majina, mlango kwa mlango, na majina ya wake zao pia, ila siyaandiki. Watu wana watoto na wajukuu wao hapa mjini, na mimi sikuwaomba ruhusa.

Habari yenyewe ni ya blanketi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nimeposwa. Sisi tulikaa Pito, na upande wa mwanamume walitoka njia ya Namanyere. Ng'ombe walikwisha kuletwa, majembe yameletwa, baba ameridhika, padri ametangaza ndoa mara ya kwanza kanisani. Limebaki blanketi la bibi. Kwetu bibi aliyemlea binti alipewa blanketi, kwa sababu huyo mtoto alilala ubavuni mwake tangu alipoachishwa ziwa, na sasa anaondolewa. Na baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita haimwonei mzee haya. Bila blanketi bibi hasemi neno lake, na bila neno lake mwali hatoki.

Mshenga akaja mikono mitupu. Akasema maduka ya watu binafsi yamefungwa kwa amri ya serikali, na duka moja la ushirika lililobaki halina blanketi, basi wakwe wanaomba walipe pesa badala yake.

Bibi akamtazama. "Nijifunike noti?"

"Bibi, mjini hakuna kitu."

"Mji mzima?"

"Mji mzima."

"Basi huo si mji."

Mara ya pili alikuja na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, limetoboka pembeni kwa cheche ya moto. Lilikuwa la bibi wa mchumba wangu, alilopewa yeye alipomwoza mjukuu wake wa kike. Bibi yangu alilikunjua, akaingiza kidole kwenye tundu, akalikunja tena vizuri, akamrudishia.

"Mwambie mwenzangu namsalimu sana. Nguo ya kumvua mtu sivai."

Mama akaenda kulia jikoni. Mimi nilikaa nje na ungo wangu wa ulezi, napeta kitu kilichokwisha kupetwa. Nilimpenda yule kijana. Nilijua ndugu zake wakikataliwa mara ya tatu hawatarudi, watadai ng'ombe wao.

Jioni bibi akaniambia, "Kesho twende mjini, mke mwenzangu. Vitu vimefichwa, havijakwisha. Huyo bwana wetu anataka kutuoa bure."

Tukaondoka asubuhi, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma. Tulipofika pale barazani milango mitano ilikuwa imefungwa kwa makufuli. Bibi hakushtuka. Alisimama mlango wa kwanza, akapiga hodi, akamwita mwenye duka kwa jina. Huyo alikuwa akimpa kipande cha sukari guru kila akinunua chumvi. Kimya. Basi akainama, akaweka pua kwenye ufa wa mlango, akavuta pumzi.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja amebaki pale barazani, anatia viraka suruali kuukuu. Akasimamisha mashine yake.

"Shikamoo, bibi. Unatafuta nini humo?"

"Marahaba. Blanketi."

"Kwa pua?"

"Macho yangu yana ukungu. Pua haijazeeka. Blanketi jipya lina harufu yake, hata ulifungie kabatini."

"Humo utanusa panya."

"Wewe shona, hujaulizwa."

Akaenda mlango wa pili, hodi, jina, pua. Wa tatu vivyo hivyo. Watu wakaanza kutuangalia, nami nikatamani baraza ipasuke initie ndani. Mlango wa nne ulikuwa wazi, ndilo duka la ushirika. Kwenye rafu kulikuwa na mipini ya majembe, viberiti, na makopo ya dawa ya viatu yamepangwa kwa nafasi ili rafu zionekane zimejaa. Na karibu wote tuliosimama pale tulikuwa peku.

"Blanketi," bibi akamwambia muuzaji.

"Hakuna, bibi. Dawa ya viatu ipo."

"Nijipake nilale?"

Muuzaji akacheka, bibi hakucheka. Akanusa wa tano. Mlango wa sita alikaa sana, mpaka nikadhani amelipata. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Humu mlikuwa na chumvi," alisema. "Imebaki harufu kwenye mbao tu."

Akakaa kwenye ngazi. Baadaye bibi akamwuliza kwa sauti ya chini watu wale wamekwenda wapi. Fundi akasema wengine wamerudi makwao, wengine wanalima, mmoja yuko Kirando anauza dagaa.

"Bila kuaga?"

"Walituaga, bibi. Wewe hukuwepo."

Tukatembea mpaka tukakaribia nyumbani. Ndipo akasema, "Kumbe bwana wetu hakunidanganya." Alikuwa amejiandaa kukuta uongo, akakuta kweli, na nadhani ile kweli ilimuuma zaidi. Mshenga alipokuja akamwambia, "Lete lile la tundu. Tundu linapitisha kidole, halipitishi baridi."

Nikaolewa.

Kule kwa mume wangu ndiko nilikoona lile blanketi lilitoka wapi. Bibi yao alikuwa analala karibu na mafiga, amejifunika magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, na hakunisema hata siku moja. Nilipokwenda Pito kusalimu, bibi akaniuliza, "Mwenzangu anajifunika nini?" Nikamwambia. Akaendelea kuchambua maharage kama hakusikia.

Mwezi wa sita ulipoingia nilimwona anakuja, fimbo mkononi, blanketi kichwani. Akasema amekuja kusalimu tu. Alikaa mpaka baridi ikaisha. Asubuhi niliwakuta wote wawili wamekaa ukutani wanaota jua, blanketi moja mabegani, wananung'unikiana.

"Miguu yako ni chura," bibi yangu anasema. "Sikulala."

"Na wewe umenisukumia upande wenye tundu."

"Tundu ni lako. Ulinipa nalo."

"Basi nirudishie tundu langu, blanketi baki nalo."

Na hakuna aliyevuta upande wake.