Mtandao wa Tupokigwe

Sikulazimishi uniamini, lakini haya niliyaona mwenyewe, mchana, kwenye kibanda changu cha ufundi simu pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Wala sikuwa na homa.

Dada yangu Neema, muuguzi wa zahanati kule Kisiba, aliniletea tableti nne za kazi zilizokufa. Nikazipandishia mfumo mpya. Kioo kikakubali, sauti ikakubali, waifai ikagoma. Na bila waifai ya kushika mtandao wa zahanati, taarifa za wajawazito haziendi. Neema angeendelea kuja mjini na makaratasi, mvua yetu unaijua. Siku tisa nikabadilisha draiva, yaani ile programu inayouwezesha mfumo kuongea na chipu. Wapi!

Siku ya kumi mvua ikashuka. Akaingia mama mmoja amejifunika kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kinachonisumbua. Nikamweleza tu, kama unavyozungumza na mtu anayejikinga mvua. Akaitazama tableti kwa muda.

“Unaiita kwa jina lisilo lake,” akasema. “Fungua. Jina lake liko ndani.”

Karatasi ya kiwandani ilitaja chipu ya namba fulani. Nikabandua kibati kinachoifunika. Namba nyingine kabisa! Nikatafuta draiva yake kwa modemu, nikaiingiza, nikawasha. Waifai ikaamka, ikaona mtandao mmoja, hauna nywila, nguvu imejaa: Tupokigwe.

Sasa niambie, miaka ile nani mtaani kwetu alikuwa na waifai? Nikamwuliza mama kama anamfahamu Tupokigwe.

“Ni mimi,” akasema.

Hapo ndipo nilipoona kanga yake ni kavu, na sakafuni hakuna hata tone.

Akaniaga, “Ndaga, mwanangu,” yaani asante kwa Kinyakyusa, akatoka. Nikabaki na macho kwenye kioo. Kila alivyosogea mbali, mistari ya mtandao ilipungua: mitatu, miwili, mmoja. Kisha ikaisha kabisa. Nikakimbilia nje. Barabara tupu.

Tableti zilifanya kazi miaka mingi. Neema aliulizia lile jina Kisiba, na bibi mmoja akamwambia Tupokigwe alikuwa mkunga wao. Walimzika kabla sijazaliwa. Tangu hapo, mara mojamoja, mzazi akizidiwa, jina hilo hutokea kwenye tableti ya zahanati. Neema hajawahi kuligusa.

Mimi bado najiuliza ningesikia nini kama siku ile ningelibonyeza jina lile. Lakini wewe, ukiona mtandao wenye jina la mtu, na hauombi nywila, inua macho kwanza umtazame aliyesimama mbele yako.