Saa Tatu ya Nani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapomsikia mtu wa Juba akimwambia mwenzake, "Tukutane saa fulani." Ilikuwa Jumamosi. Nywele hizi unazonitania kwamba nimemwagiwa unga zilikuwa bado nyeusi, na marehemu baba yako, Lado, alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu niliozaliwa nao.

Kaa vizuri, chai inakuja. Umekuja kuniambia kwamba umeanza kusomea shahada ya uuguzi kwa mtandao huku ukiendelea na kazi wodini. Nimefurahi mpaka sijui niseme nini. Halafu ukaongeza, haraka haraka kama kawaida yako, kwamba Alhamisi asubuhi una mtihani wa kwanza, siku hiyo uko zamu ya mchana, na unatafuta mtu wa kukushikia kwa muda. Hapo ndipo siku ile iliponirudia, Keji. Kabla sijakujibu, nisikilize. Najua Kiswahili chako ulikiokota Uganda ulipokuwa unasomea diploma, ni kile cha "mimi iko, wewe iko," lakini tunaelewana. Nikikupoteza, niulize.

Mimi nilikulia Kenya, wazazi wangu walikokimbilia vita. Nikasomea uuguzi huko, nikasajiliwa, nikarudi Juba na diploma yangu, na Kiswahili kilichonyooka, na majivuno kidogo. Baba yako alisomea Khartoum. Kila kitu kichwani mwake kilikaa kwa Kiarabu, hata majina ya mifupa. Kiingereza kilimsumbua, na Kiswahili alijifunza kwangu na kwa kina mama wa Uganda waliokuwa wakiuza nyanya sokoni. Tulipangwa pamoja wodi ya wazazi. Yeye alinisaidia kuongea na wagonjwa, mimi nikamsaidia kusoma maandishi ya madaktari, na siku zikaenda vizuri tu.

Nilipoanza kusoma shahada kwa mtandao, watu walinicheka. Walisema, chuo gani hicho kisicho na lango? Baba yako hakucheka. Aliniambia, "Wewe tangulia. Wewe ukimaliza, unanionyesha njia. Mimi iko nyuma yako." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, na alikuwa hatanii. Alianza kununua magazeti ya Kiingereza na kusoma kwa sauti wakati wa chai, akikosea, akirudia, mpaka tukamzoea.

Siku zile simu zetu zilikuwa za kupigia tu. Masomo nilisomea mtaa wa Hai Cinema, kwenye saiba, duka la intaneti la Msomali mmoja kutoka Nairobi, Abdi, mtu mwema ambaye kwake kila aliyevaa nyeupe ni daktari. "Daktari, leo jenereta imeshiba," ataniambia, "soma mpaka uchoke wewe." Nilisoma hivyo mwaka mzima, nikitoka kazini na harufu ya dawa mwilini. Ukabaki mtihani wa mwisho wa mwaka. Ulikuwa unafunguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na ukichelewa sana, unakuta umefungwa.

Siku iliyotangulia tulikuwa chumba cha wauguzi tunakunywa chai: mimi, baba yako, na Sista Poni, mkuu wa wodi yetu. Nikamwambia baba yako, "Lado, kesho nina ule mtihani, na niko zamu. Uje unishikie saa tatu."

Akanitazama, akasema, "Saa talata. Tamam. Mimi iko."

Nilikuwa nahangaika na pakiti ya biskuti iliyokataa kufunguka. Nikasema eeh, na mambo yakaishia hapo.

Wewe umeshaliona kosa, naona unacheka. Talata ni tatu, ni kweli, hakutafsiri vibaya. Lakini saa tatu yangu mimi ni asubuhi, watu wamemaliza uji. Saa talata ya Kiarabu ni alasiri, ile ambayo mimi naiita saa tisa. Na ukimwambia mtu wa Kiarabu saa tisa, kwake hiyo ndiyo asubuhi yangu. Yaani shetani angekaa chini kupanga jinsi ya kututenganisha, asingepata kitu chepesi kuliko hicho.

Basi Jumamosi ikafika. Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, na nilikuwa nimetoka kumfungulia chupa ya damu. Wewe ni muuguzi, unajua. Mtu anayeongezewa damu humwachi peke yake, hasa mwanzoni. Unampima joto, unampima presha, unaangalia kama anatetemeka ama anajikuna. Na mle wodini nilikuwa na mtu wa usafi tu. Saa tatu ikafika, baba yako hayupo. Nikampigia simu, haipatikani. Alikuwa ameshahamia mtaa wa Lemon Gaba, na mtandao kule ulikuwa unakuja ukijisikia.

Abdi akanipigia. "Daktari, uko wapi? Kiti chako kiko wazi na jenereta inaunguruma bure."

"Nakuja," nikamwambia. Akapiga tena, nikasema nakuja. Mara ya mwisho akasema, "Pole, daktari," akakata. Yule mama kitandani akaniuliza kwa nini macho yangu yamekuwa mekundu. Nikamwambia ni jasho limeingia.

Kukaa pale sijutii. Hilo liweke kando kabisa. Yule mama aliondoka kwa miguu yake na mtoto wake mgongoni, na hata leo ningekaa. Ninachojutia kilikuja baadaye.

Alasiri, kabla hata saa yake haijafika, baba yako akaingia wodini. Kanyoa ndevu, sare kaipiga pasi, mkononi ana chupa ya chai na mandazi ambayo mama yako alikuwa amepika asubuhi hiyo. Anatabasamu. Akasema, "Nimekuja mapema kidogo, ili wewe usichelewe mtihani."

Mwanangu, nilimgeukia mbele ya wagonjwa wote. Nilimwambia hata saa hajui kusoma. Nikamwambia kwa akili ile atabaki kufunga bandeji mpaka afe, na habari za shahada azisahau, kwa sababu akili yake haifiki huko. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiarabu, nihakikishe ameelewa. Mpaka leo ile kurudia ndiyo inayoniuma zaidi.

Aliweka chai yake juu ya meza, akachukua kipimo cha presha, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha kwanza. Alikuwa amesema atashika zamu, basi akaishika. Mimi nilienda zangu nyumbani, na yeye akafanya kazi mpaka jioni siku yake ya mapumziko, kwa ajili ya mtihani ambao haukuwepo tena.

Jumatatu Sista Poni aliniita. Alikuwa mwanamke mfupi, hapandishi sauti, na hilo ndilo lilikuwa linatutisha.

"Ya Wani," akaniambia, "daktari akikuagiza dawa kwa simu, unafanya nini?"

"Namrudia alivyosema, Sista."

"Kwa nini?"

"Ili kama nimesikia vibaya, anisahihishe."

"Lado alikurudia. Nilikuwepo. Alisema talata. Wewe ulikuwa unapigana na biskuti. Sasa nani alikosea dawa, yule aliyerudia au yule ambaye hakusikiliza?"

Akaniambia nikiandikia chuo nikaeleza kuhusu yule mama na ile damu, yeye ataweka sahihi yake, na bila shaka watanipa nafasi nyingine. Halafu akasema, "Lakini kwanza nenda kwa Lado."

Sikwenda kwa Lado. Na chuo sikuwaandikia, maana nilikuwa nimenuna kama mtoto, naona dunia nzima imenionea. Nikasema nitaandika wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema mwezi ujao. Kisha nchi ikaharibika kwa vita, Abdi akafunga saiba akarudi kwao, na shahada yangu ikafa hivyo hivyo.

Baba yako aliomba kuhamishiwa wodi nyingine. Tulibaki kusalimiana vizuri tu: habari za kazi, watoto hawajambo, basi. Yale magazeti ya Kiingereza sikumwona nayo tena. Miaka baadaye, Sista Poni alipokuwa anastaafu, aliniambia alimshauri sana Lado naye ajiunge na masomo, akakataa. Alimjibu, "Wani anajua mambo haya, na alisema akili yangu haifiki." Sista hakuniambia ili kunichoma. Alidhani nilishakwenda kumwomba msamaha zamani.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho, nilikwenda kumwona. Wewe ulikuwa Uganda chuoni. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Nilikaa naye kidogo, nikashindwa kuanza, nikaaga. Nikamwambia, "Nitarudi saa kumi, nina maneno nataka tuzungumze."

Akatabasamu, akauliza, "Saa kumi ya nani?"

Tulicheka wote wawili, mwanangu. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, ilikuwa imefunguliwa wazi kabisa, naye ndiye aliyeifungua. Nikasema ngoja nirudi, nitasema vizuri nikiwa nimetulia. Niliporudi alikuwa amelala. Nikaona nisimwamshe, kesho ipo. Hakuamka tena.

Kwa hiyo neno langu kwako ni hili, na ulichukue lote. Masomo haya ya simu yanadanganya. Utadhani unasoma peke yako, wewe na kioo chako, kumbe kuna mtu anashika zamu yako, mtu analala na mtoto wako, mtu amekuachia umeme wake uchaji simu. Waambie watu hao unafanya nini na lini, kwa maneno wanayoyaelewa wao. Mkuu wako wa wodi naye ajue, na wagonjwa wajue, wasije wakasema yule binti anachati tu sisi tukiugua. Ukipewa saa ya mtihani, uliza ni saa ya wapi, maana siku hizi hata Nairobi wametutangulia kwa saa nzima. Na mtu akikurudia maneno yako, weka chini ulichoshika umsikilize.

Mtihani ukikupita, andika, omba, watakupa mwingine. Mimi ningepewa. Lakini ukimwambia mwenzako akili yake haifiki mahali, huenda akakuamini, na hapo hakuna ofisi ya kuandikia. Ukikosana naye, mwendee siku hiyo hiyo, hata kama hujajua utasema nini. Mimi nilisubiri mpaka nipate maneno mazuri, na sasa ninayo, mazuri sana, nakwambia wewe badala yake.

Shahada unayoisomea, baba yako aliitaka kabla yako. Aliitaka kwa sauti, wakati wa chai, akikosea Kiingereza mbele yetu bila aibu. Isome mpaka mwisho. Mungu akupe mtandao usiokatika, akili isiyochoka, na mwenzako wa zamu mwenye moyo kama wa Lado. Na siku ya mahafali, ukiitwa jina lako, hata kama ni kwenye simu tu, naomba aruhusiwe kusikia huko aliko.

Zamu yako ya Alhamisi nitaishika mimi mwenyewe, sijastaafu bado. Nitakuwa wodini saa tatu. Saa tatu ya Kiswahili, saa tisa ya Kiarabu, asubuhi, jua likiwa bado mashariki, upande wa mto. Haya, rudia, nikusikie.